Kisima cha Sadaka

"Kunywa kwanza, mwanangu, umechoka," mamake alisema, akimpa kata ya maji mbele ya majirani waliokusanyika kisimani.

Mwanatatu aliipokea. Kweli alikuwa amechoka. Alisoma bayolojia kila jioni hadi akapata shahada akiwa na miaka arobaini na tatu, kisha akajifunza kuwaeleza watu sayansi kwa lugha yao. Miaka miwili aliambiwa nafasi zimejaa, naye akaomba katika kila sijida. Mwezi huu shirika moja la afya lilimwajiri. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasomea watu wa Magogoni, mtaa wake mwenyewe, majibu ya maabara ya visima vyao.

Maneno mepesi alikuwa nayo tayari: maji ya kisima hiki yameingiliwa na kinyesi, msinywe.

Mamake alikichimbisha kisima hiki kiwe sadaka ya marehemu baba, ili kila anayekunywa amwongezee thawabu kaburini.

"Haya, daktari wetu, tupe habari," jirani mmoja alitania. "Au mpaka tukupigie vigelegele?"

"Mwacheni anywe," mamake alisema. "Maji ya babake haya. Mwaka wa tisa, wallahi, hayajakauka."

Ukingo wa kata ulikuwa umelainishwa na midomo ya watu. Maji yalikuwa maangavu, na koo lake lilikuwa kavu.

Wanawake wenye ndoo walimtazama.

"Bismillahi," alisema, kwa mazoea.

Kisha akaiinamisha kata, maji yakamwagika mchangani, mamake akiwa bado anatabasamu.