Mtu Nyuma ya Chozi

Githinji alitoka studio mbio, bahasha ameibana kwapani, bila hata kuaga.

"Usifungue hapa," Akello alikuwa amemwambia, akikwepa macho yake. Akello ndiye aliyewapiga picha yeye na familia yake kila Krismasi. "Ukaangalie nyumbani, Mzee. Ukiwa umeketi."

Miaka miwili watu wa Kiplombe walikuwa wakimcheka. Mtu mzima, mwenye duka, analala kwenye nyasi na kamera kungoja nyuki atue juu ya ua! "Githinji, huyo nyuki ameoga kabla ya kupigwa picha?" Naye alicheka nao, akaendelea.

Mpaka mwezi jana, alipompiga picha chozi, kile kindege cha mdomo uliopinda, akinyonya ua la mshubiri. Picha ilitoka safi. Lakini nyuma ya yule ndege kulikuwa na mtu, mdogo kama sisimizi, amejifunika gunia la mvua, ameinama anang'oa bikoni, jiwe la mpaka. Tena ile bikoni iliyotenga shamba la Githinji na la jirani yake Wamalwa, tangu kampuni ya kununua ardhi ilipokata shamba la mzungu vipande.

Nani mwingine kama si Wamalwa? Tangu siku hiyo hakuwa amekanyaga dukani.

"Ichome, Baba Njambi," mke wake, Wahu, alimsihi. "Mtu wa kung'oa bikoni hashindwi kung'oa kichwa."

Lakini sava, mpima mashamba, alikuwa anakuja kesho. Bila uso wa mwizi, shamba lingeliwa hivi hivi. Githinji akapeleka picha ikuzwe, na habari ikaenea Kiplombe nzima.

Sasa, katikati ya miti ya miwati, alisikia hatua nyuma yake. Akaongeza mwendo. Nazo zikaongeza.

"Githinji! Simama! Lete hiyo picha!"

Wamalwa. Na mkononi panga, limejaa udongo mbichi.

Githinji alikimbia mpaka kifua kikawaka moto. Mzizi ukamkwaza, akaanguka kifudifudi, bahasha ikaruka huko. Kando ya sikio lake, miguu miwili mikubwa ikasimama.

"Usiniue, jirani," alisema akiwa amekula vumbi. "Chukua hilo shamba. Nina watoto."

Wamalwa aliokota bahasha, akatoa picha, akaitazama kitambo kirefu akihema. Kisha akadunga panga ardhini, akapapasa mfuko, akatoa kiberiti. Akaiwasha picha kwenye pembe, akaishikilia mpaka moto ukafika vidoleni.

"Siku ile nilikuwa kwa mahindi, nikaona yote," alisema. "Bikoni nimeirudisha leo asubuhi. Sasa inuka ujipanguse, jirani. Na ukifika nyumbani, tafadhali, usimuulize Mama Njambi kitu."