Mwezi Wake Haujafika

Marsiana aliuona mkono wa nesi ukija tumboni kwake, akaruka nyuma hadi akaigonga meza.

"We mama, sikuumi!" nesi alisema. Alikuwa ametoka Biharamulo kwa lori la pamba, vumbi mpaka kwenye kope, na mkononi ameshika pembe ya kusikilizia watoto. "Nataka kusikia mapigo ya moyo wake tu."

"Moyo wake nausikia mwenyewe."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Nesi akachoka kubembeleza, akaita, "Mwingine!"

Marsiana akatoka ofisi ya kijiji, mkono mmoja umelishikilia tumbo kwa chini, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti. Siku hizi alikuwa haishi kuimba. Mama Alfonce, mke wa balozi wa nyumba kumi, alisema mimba hii imempanda kichwani.

Lakini nani angemlaumu? Watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa kabla ya miezi kutimia, wadogo kiasi cha kutosha kwenye kofia. Wote wawili walipokewa kwa vigelegele. Watu walijaa mlangoni, kila mmoja akitaka kumshika mgeni japo kidogo na kumwombea, mkono kwa mkono, upepo ukivuma, kama ilivyo desturi. Wote wawili walizikwa kesho yake. Huyu wa tatu akipotea naye, Marsiana alijua hatainuka tena.

Na safari hii alikuwa peke yake. Mumewe, Anatory, alichukuliwa na mgambo kwenda vitani Uganda. Mama yake mzazi alikuwa Nyamiaga, mbali. Ile operesheni ya vijiji iliwamwaga watu huku karibu na Lusahunga kama mahindi juu ya turubai: ukuta wa jirani unaufikia kwa mkono, lakini ukoo wake huujui.

Mtu wake alikuwa mmoja tu, Bibi Nimpaye, mkunga mzee aliyekimbia Burundi na nguo aliyovaa. Siku ya mvua ya mawe, mwisho wa masika, uchungu ulimshika Marsiana mapema mno. Bibi akajifungia naye ndani kutwa nzima. Mawe yalitwanga bati hata mtu wa nje asisikie kitu. Jioni bibi alitoka, akachimba shinani mwa mgomba, akafukia mabaki ya dawa, ndivyo alivyosema. Kisha akawageukia wanawake waliokuja na vigelegele vimewakaa kooni.

"Rudini makwenu. Mwezi wake haujafika. Ukifika nitawaita mimi."

"Kwani uchungu umetulia?" Mama Alfonce akauliza.

"Umetulia, Mungu ashukuriwe. Sasa asiguswe na mtu. Ninyi mna haraka ya nini?"

Wakaondoka wakinung'unika. Kuzuiwa mlangoni na mkimbizi, haya!

Bibi alimlaza ndani mpaka nguvu zikarudi. Alipoanza kutoka, Marsiana hakuwa yule wa zamani. Alivaa sweta la mumewe juu ya gauni pana, jua likiwaka. Usiku alilala ameketi, mgongo ukutani. Kwenye shamba la ujamaa walimpa kazi nyepesi, kupukuchua mahindi, naye akaenda kukaa mbali na wenzake, akiimba. Wakimsogelea, anahama. Mwishowe wakaacha kumsogelea.

Jamani, upweke unauma kuliko njaa. Kuna jioni aliwasikia wakicheka jikoni kwa Mama Alfonce, akatamani hata mmoja aje ampige kofi, mradi tu aguswe na mtu. Alilia, kisha akajifuta na kulikumbatia tumbo.

"Tulia, mwanangu," alinong'ona. "Baba yako atatukuta."

Redio ya balozi ikatangaza kwamba vita vimekwisha, na baada ya muda wanaume wakaanza kurudi. Lori la kwanza lilishusha watu Lusahunga, Anatory hakuwemo. La pili likaja, hakuwemo. La tatu Marsiana hakwenda hata kulitazama.

Anatory alifika katikati ya kiangazi, akichechemea, mzigo begani. Kijiji kizima kilimsindikiza mpaka mlangoni kwa ngoma na nderemo. Alipomwona mkewe, na tumbo lile, alisimama ghafla. Mtu aliyetoka vitani aliogopa hata kusalimia.

"Bado yupo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yupo. Ingia, ufunge mlango."

Ndani, Marsiana alimmiminia maji ya moto kwenye beseni. "Nawa mikono. Mpaka kwenye viwiko."

"Marsiana, nimetoka kote huko, hata maji ya kunywa hujanipa!"

"Nawa kwanza. Halafu uikaushe motoni, ishike joto."

Akamtazama kama anayeiona ndwele mpya, lakini akanawa. Akachutama mbele ya mafiga, akaota moto. Nje watu walikuwa wakigonga mlango, Mama Alfonce akiita jina lake. Marsiana machozi yalimtiririka, asiyafute.

"Sasa njoo," alisema. "Taratibu."

Anatory akapiga magoti. Akakiweka kiganja chake juu ya sweta, kwa woga, kama anayeonja uji wa moto.

Tumbo likapiga chafya.