Nyuma ya Cheti

Bi Tunu alikuwa radhi kumhamishia mkwewe Rukia, aliyesimama kando yake, hisa zake zote. Lakini karani wa ofisi ya hisa aliposema cheti cha zamani lazima kirudishwe kifutwe, ndipo kitoke kipya kwa jina la Rukia, alikikumbatia. Nyuma ya cheti hicho alikuwa ameandika jinsi ya kupika achari ya marehemu mama yake, siri ambayo Rukia alikuwa akiiomba tangu aolewe.

"Hisa nimempa, mwanangu," alimwambia karani. "Achari sijasema."

"Kikiingia kabatini hakitoki tena, mama."

Bi Tunu angeinakili mwenyewe, ila miwani alikuwa ameisahau nyumbani. Akakisukuma cheti mezani. "Haya, msomee Rukia aandike. Kwa sauti ya chini!"

"Malimau arobaini," karani alianza, na foleni nzima nyuma yao ikanyamaza, kila mtu akipapasa mfukoni kutafuta kalamu.