Dakika Nne Juu ya Paa

Kaloki aliliweka panga mezani, kando ya kompyuta, akavuta kiti na kukaa nyuma ya shemeji yake.

"Nipe sura," alisema. "Moja tu. Nitamkata kabla polisi hawajamaliza kuandika ripoti yao."

Wanza hakugeuka. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa bado vimefungwa kwa kipande cha leso, kwa hiyo alifanya kazi kwa mkono mmoja. Jana yake walikuwa wamemzika Muthoka, mumewe, jeneza likiwa limepigiliwa misumari, kwa sababu hakuna aliyetaka watu wa Katelembo waone mawe yalivyomfanya.

Asubuhi ya siku aliyouawa, Muthoka alimbamiza Wanza ukutani, akamkanyaga vidole kwa buti hadi vikavunjika, kisha akanyakua mkoba wa mkewe wa lenzi za kamera aende akauuze mjini. Kamanthe, mama yake Muthoka, alijaribu kumzuia mlangoni. Alisukumwa akaangukia jiko. Mwanawe alipoondoka, mama huyo alichana leso yake, akamfunga mkamwana wake vidole, kisha akatoka.

Kamera yenyewe, ikiwa na lenzi yake moja, ilipona kwa kuwa Wanza alikuwa ameificha ndani ya gunia la mahindi. Na kazi ilikuwa inamngoja: picha ya mji wa Machakos ya kuwekwa kwenye kalenda. Saa tisa alasiri akawa juu ya paa la ghorofa moja linalotazama soko, kamera ikiwa imesimama kwa miguu yake mitatu, mbele ya lenzi amefunga kioo cheusi tititi cha kuzuia mwanga. Kwa kioo hicho kamera inaweza kukodoa jicho dakika nne mchana kweupe. Kinachotembea hakiandikwi. Wanunuzi, mikokoteni, pikipiki, wote huyeyuka kama moshi, yakabaki majengo na vilima vya Iveti kwa nyuma.

Ndiyo kwanza amefungua jicho la kamera aliposikia.

"Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Ilikuwa sauti moja, halafu zikawa mia. Watu walimiminika kutoka kila kibanda. Wanza alichungulia, akaona duara la migongo, mawe yakipanda na kushuka, mpini wa jembe ukipanda na kushuka. Hakumwona aliyekuwa katikati. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kushuka mbio. Lakini mwizi ni mwizi, alijiambia, na dakika nne hazijaisha. Akaendelea kuhesabu sekunde.

Alipofika mia mbili na arobaini, chini kulikuwa kimya. Aliteremka. Kitu cha kwanza alichokiona, katikati ya damu, kilikuwa mkoba wake.

Polisi walisema umati hauna jina. Kaloki, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuja na lori lake kutoka Mlolongo, alisema umati huanzishwa na mdomo mmoja, na mdomo huo una mwenyewe.

"Waliompiga walikuwa wanarukaruka," Wanza alimweleza. "Picha hii haiwezi kuwaonyesha."

"Basi ionyeshe aliyesimama. Mwenye kuwasha moto hukaa akauangalia."

Kwenye mkeka karibu na mlango, Kamanthe alikuwa akipukuchua mahindi. Tangu msiba uingie hakuwa amedondosha chozi, na majirani walisema ni mshtuko.

"Achaneni na hiyo picha," alisema. "Picha hairudishi mtu."

"Mwaitu, tulia," Kaloki alimwambia mama yake kwa upole. "Hii niachie mimi."

Wanza alianza. Kioo cheusi kilikuwa kimeipaka picha yote rangi ya kutu. Aliiondoa kidogo kidogo hadi mawingu yakawa meupe. Akafuta vidoa vinavyozaliwa kamera inapokaa wazi muda mrefu. Kisha akaanza kuyainua maeneo ya giza, polepole, maana giza ukililazimisha linapasuka na kuwa chengachenga.

Soko lilikuwa tupu. Katikati yake tu palitanda ukungu wa kahawia, na chini ya ukungu huo, jozi moja ya viatu, dhahiri kabisa. Muthoka alikuwa ameacha kusogea mapema.

Kaloki alitoa mguno kama mtu aliyepigwa tumboni. Halafu kidole chake kikagusa pembe ya kioo cha kompyuta.

"Na huyu?"

Kwenye baraza la duka la vyombo, ndani ya kivuli, palikuwa na mtu. Wanza alikikuza kipande hicho. Likajitokeza gauni. Ikajitokeza mikono miwili iliyoziba mdomo.

"Mwanamke," Kaloki alisema, akalichukua panga. "Soko zima linakimbia, yeye amesimama kama nguzo. Dakika nne! Ni yeye."

"Pengine ni mwenye duka. Pengine aliogopa."

"Toa sura, Wanza."

"Kaloki, niko na hofu. Tuipeleke polisi kwanza."

Ubapa wa panga ukamgusa begani, baridi. "Nimesema toa sura."

Wanza aliizungushia sura ile alama, akaipandishia mwanga mara moja, akaipunguzia ukungu, akaipandishia tena. Lilitokea paji la uso. Yakatokea macho.

Panga lilianguka sakafuni.

Wote wawili hawakuweza kugeuka. Nyuma yao mahindi yaliacha kudondoka kwenye sinia.

"Nilidhani watampiga kidogo tu," alisema Kamanthe.