Kifuko Kilichokadiriwa kwa Jicho

Mshale wa mzani ulipita kilo mia na ishirini, nami nikashindwa kumtazama mgonjwa usoni.

"Tumbo lilikatwa, wifi, lakini ulafi haukukatwa!" alisema wifi yake akicheka.

Mgonjwa naye akajichekesha, huku akilivuta gauni lisimbane. "Kosa ni langu. Daktari alifanya kazi yake, mimi ndiye nimemwangusha."

Miaka tisa iliyopita, alipofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, mimi ndiye niliyetayarisha vifaa. Daktari alitakiwa kumwachia kifuko cha tumbo kisichozidi ukubwa wa yai, na kipimo chake ni mpira unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Akaniomba ule mpira. Nilikuwa nimesahau kuuchemsha. Kwa kuogopa maneno, nikasema umepasuka.

"Basi, nitakadiria kwa jicho," akasema, akaendelea kukata.

Sasa nilikuwa na picha ya eksirei ya mgonjwa mkononi. Kifuko kilikuwa kama ngumi. Labda kimetanuka chenyewe, maana hutanuka. Hiyo "labda" nimeitafuna tangu asubuhi, na haimezeki.

"Hata chakula cha wanawe anamaliza," wifi akaongeza.

Mgonjwa hakucheka tena. "Njaa haijawahi kunitoka," akasema taratibu. "Tangu wiki ile ya kwanza. Niliona aibu kusema."

Nikamwomba wifi atupishe kidogo. Nikafunga mlango, nikavua barakoa anione uso.

"Dada," nikasema, "siku ile daktari aliniomba kitu."