Tabaka la Chini

"Mageni, tabaka la chini umeliacha?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Nimeliacha, mayu."

Alikuwa haoni tena, lakini vidimbwi vyetu vya chumvi kule mlimani alivitunza miaka arobaini. Lile tabaka gumu la chini, chumvi iliyoshikana na udongo, halikwanguliwi, maana ndilo linalozuia maji yasinywewe na ardhi. Asubuhi ile nililikwangua lote. Pikipiki ya mchuuzi wa chumvi kutoka Mwakitolyo ilikuwa inasubiri na gunia lilikuwa halijajaa.

Mama aliushika mkono wangu, akalamba kiganja kama alivyozoea kuonja chumvi.

Alitafuna polepole. Nilisikia udongo ukisagika kati ya meno yake.

"Haya," alisema, akaurudisha mkono wangu taratibu. "Mwakani maji yakijaa, unipeleke nikayaguse."