Koili Mbili za Shekuwe

Shekuwe hakuwa na koleo, wala miwani, wala mtu wa kumfundisha. Alikuwa na waya mwembamba kama unywele, na ahadi ya fundi wa sigara za mvuke wa mji wa pili: "Nitumie koili mbili zinazowaka sawasawa, kazi ni yako."

Akazungusha waya kwenye msumari ili apate koili, ule waya uliojiviringa unaopata moto ndani ya sigara hizo: mizunguko saba, kisha saba tena. Akaziunganisha na betri. Moja ikawaka, ya pili ikasinzia.

"Kaka, hizo si springi za kalamu?" Mwanaesha, dada yake, alimcheka.

"Ngoja uone!"

Miaka thelathini ya kushona kofia ilimfunza kuhesabu kwa vidole. Akafumba macho, akaipapasa ile iliyosinzia. Minane! Mkono ulikuwa umeongeza mmoja, kama unavyoongeza tundu la kufungia uzi kila mwisho wa mstari. Akaukunjua mzunguko huo wa ziada, akaziunganisha tena na betri.

Safari hii wekundu ulichomoza katikati ya zote mbili kwa pamoja, ukatambaa hadi pembeni.

"Haya, kaka! Zinapumua!"

Shekuwe akamwandikia fundi, "Zijaribu mwenyewe," akazitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaifunga. Pale posta aliitumbukiza sandukuni, yeye na Mwanaesha wakainamisha vichwa, wakisikiliza ikianguka.